Kigae cha Upande Usiojulikana

3 Februari

Mwanangu,

Nakusalimu kwa mkono wenye vumbi la saruji, kwa hiyo ukiona alama za vidole kwenye karatasi usidhani ni mhuri wa serikali. Huku tu wazima. Baba yako mzima, anakohoa tu pale mama yako anapomtuma kitu. Mama yako, wifi yangu, naye hajambo, ananenepa na kunisema, vyote kwa pamoja. Jumapili alinikaribisha chakula, nilipomaliza sahani akasema, "Kumbe mafundi nao hushiba!" Nikamjibu kwamba nimeshiba maneno yake, chakula bado sijafika nusu.

Sasa nije kwenye lenyewe. Kile chuo cha ufundi nilichokiwekea vigae vya korido kinatafuta mwalimu wa vigae. Mkuu wa chuo alinifuata mwenyewe kazini, akaikagua kazi yangu kwa kiatu, akasema, "Fundi, hii ndiyo tunayotaka wanafunzi wetu waijue." Nikavimba kichwa papo hapo. Kisha akatoa karatasi. Kila mwalimu wa chuo lazima awe amefaulu hesabu za sekondari. Mtihani wa watu wazima kama mimi ni Novemba. Nafasi wataishikilia mpaka mwisho wa Januari, baada ya hapo anapewa mwingine.

Unajua mimi niliacha shule kabla x haijaingia darasani. Nimepata kitabu na nimeanza. Asilimia, maeneo, uwiano, hayo ni mambo yangu ya kila siku. Lakini nimefika kwenye sura ya kutafuta vigawo vya hizi hesabu zenye x mraba, na hapo nimekwama. Kitabu kinasema "ni dhahiri kwamba". Kwangu si dhahiri hata chembe, na kila nikiisoma hiyo "dhahiri" natamani kukitupa dirishani.

Wewe ndiye mwalimu wa hesabu katika ukoo huu, sasa nimwulize nani? Usinipigie simu. Jambo nisiloweza kuliwekea penseli haliniingii. Niandikie, barua uzipeleke ofisi ya vifurushi pale kituo cha mabasi, zitanifikia.

Utauliza kwa nini, katika umri huu wa miaka arobaini na tisa, nataka kuacha kazi ya mikono. Nimechoka na vumbi, basi. Na baba yako usimwambie, mdomo wake hauna kufuli.

Shangazi yako,
Fundi

19 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mvua zimeanza na paa la darasa langu linavuja juu ya meza yangu tu, wanafunzi wote wakavu. Wanasema paa lina akili. Msalimie Mama, mwambie sweta limefika na linanitosha, asianze kufuma jingine.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni mwa ofisi ya vifurushi, sikungoja kufika nyumbani. Shangazi, wanafunzi wangu wana vitabu, wana mwalimu, wana siku nzima ya kukaa kwenye benchi, na bado huniomba tuache aljebra. Wewe unatoka kazini umechoka, unaifuata mwenyewe. Nimekuvulia kofia.

Haya, tuanze. Kutafuta vigawo ni kuzidisha kwa kurudi nyuma. Ukiulizwa tatu mara tano, unasema kumi na tano. Ukipewa kumi na tano ukaulizwa imetokana na nini, unasema tatu na tano. Hivyo ndivyo vigawo vyake. Sasa chukua x² + 5x + 6. Nayo imetokana na mabano mawili yaliyozidishwa. Tafuta namba mbili ambazo ukizizidisha unapata 6, na ukizijumlisha unapata 5. Ni 2 na 3. Kwa hiyo jibu ni (x + 2)(x + 3).

Jaribu hizi: x² + 4x + 3, x² + 6x + 8, x² + 7x + 12, x² + 5x + 5, x² + 8x + 15.

Mwanao,
Mwalimu

14 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sote wazima. Baba yako amenunua baiskeli ya pili wakati ya kwanza haina tairi, na mama yako hajamsemesha tangu Jumatatu, nyumba imetulia vizuri.

Namba zako mbili nilizitafuta siku nne. Nilizipata, kisha zikanipotea, maana sikujua ni za kazi gani. Zidisha upate hiki, jumlisha upate kile, kwa nini? Nani kasema? Siku ya tano tulikuwa tunaweka sakafu ya duka la dawa. Nimemaliza kupanga vigae vya kona, nikavitazama, nikaona x yako imelala pale chini.

Nisikilize. Kuna kigae kikubwa cha mraba, upande wake hujaniambia. Sawa, wateja wengi hawajui vipimo vyao, si jambo geni kwangu. Upande huo ni x, basi kigae chenyewe ni x². Kuna vipande virefu, urefu x, upana 1, kila kimoja ni x. Kuna vigae vidogo vya 1 kwa 1. Umeniletea kikubwa kimoja, virefu vitano, vidogo sita, unataka nivipange vyote vitoe mstatili usio na pengo. Hiyo si hesabu, mwanangu, hiyo ni kazi! Nikakata boksi tupu kwa kisu. Kikubwa nikakiweka kwanza. Virefu vitatu ubavuni, viwili chini. Imebaki kona ya mbili kwa tatu, vile vidogo sita vikaingia kimya. Nikapima upande mmoja: x na 3. Upande wa pili: x na 2. Nilipiga kelele hata Ndefu, yule fundi plasta wetu, akaja mbio na kitambaa akidhani nimejikata.

Kwa hiyo zile namba mbili ni upana wa vipande vya pembeni. Mbona hukusema?

Majibu yako haya: (x + 1)(x + 3), (x + 2)(x + 4), (x + 3)(x + 4), la tano (x + 3)(x + 5). La nne lilinisumbua kidogo. Kona ilitaka vidogo sita, umenipa vitano. Nikatoa kimoja kwenye boksi la akiba nikajaza, ikatoka (x + 2)(x + 3). Mwambie anayeandaa maswali hayo aagize vigae vya kutosha, iko siku ataaibika mbele ya mteja.

Fundi

2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimecheka mpaka mwalimu wa jiografia akaja kuniuliza kama nimepata habari za nyumbani. Nikamwambia ndiyo, shangazi yangu ameongeza kigae.

Kosa la kwanza ni langu. Swali la nne nilitaka kuandika 4 mwishoni, nikaandika 5 kwa haraka. Jipe mwenyewe jibu la x² + 5x + 4. Lakini kosa la pili ni lako, na ni kosa ambalo mtu asiye fundi wa vigae asingeweza kulifanya. Kwenye aljebra hakuna boksi la akiba. Ulichopewa ndicho hicho, hakiongezwi, hakipunguzwi, na hakuna kinachorudishwa dukani. Ukipanga kila namna na bado kuna pengo, unaandika kwamba haigawanyiki. Hiyo x² + 5x + 5 haigawanyiki kwa namba nzima. Usiionee haya sakafu iliyokataa.

Na sasa nikwambie jambo. Jana nilikata makatoni nikayapeleka darasani. Kikubwa, virefu, vidogo, kama ulivyosema. Darasa langu, Shangazi, darasa ambalo likisikia neno "vigawo" huanza kutazama dirishani! Wakaanza kugombania vipande. Msichana mmoja aliyekuwa hajawahi kunyoosha mkono tangu mwaka uanze alisema, "Mwalimu, kumbe ni upande!" Miaka minane nafundisha sura hii, sikuwahi kuwaambia kwamba ni upande. Nilikuwa sijui mwenyewe. Nilijua njia tu.

Sasa kuna kutoa. Jaribu x² − 9. Jibu lina mabano mawili, moja lina jumlisha na jingine lina toa.

Baba ameniandikia. Anasema amekuona unatembea na fimbo. Ni kweli?

Mwanao

12 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Wiki ya sita hii sijapata neno lako. Nilikwenda ofisi ya vifurushi mara mbili, karani ananijua sasa, ananitikisia kichwa nikiwa bado ng'ambo ya barabara. Kama x² − 9 imekuudhi, iache. Niandikie hata mstari mmoja kwamba u mzima.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu,

Mzima mimi, usiwe na wasiwasi. Nilikuwa na shughuli, ikapita. Hiyo fimbo ni ya kupimia, baba yako macho yamemwishia, mwambie avae miwani.

Nimefurahi habari ya darasa lako, nimeirudia mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Mwambie yule msichana kwamba fundi mmoja amemsalimu.

Ile hesabu ya kutoa ilinitesa. Nitapangaje vigae tisa ambavyo havipo? Nilimwuliza Ndefu, akasema vigae visivyopo ndivyo rahisi kubeba. Huyo ndiye mshauri wangu huku.

Wiki iliyopita tulipata kazi ya chumba cha benki, mraba safi, ila kuna nguzo nene ya zege kwenye kona. Nikawa nimekaa juu ya ndoo nawatazama wenzangu wakipiga uzi wa kunyooshea safu, nikaiona nguzo ile na kucheka peke yangu. Chumba ni x kwa x. Nguzo ni 3 kwa 3. Vigae tisa haviwekwi, maana nguzo imekaa mahali pao. Sakafu iliyobaki ndiyo x² − 9 yako, imekaa kama kiatu cha mvua. Sasa ikate. Upande mmoja unapata mstatili mkubwa, urefu x, upana x − 3. Kwenye ule mguu mfupi ulio kando ya nguzo unapata mstatili mwembamba, upana 3, na urefu wake nao ni x − 3. Ule mwembamba ung'oe, uusogeze mpaka kwenye kichwa cha ule mkubwa. Unakaa sawasawa! Sasa una mstatili mmoja, upana x − 3, urefu x + 3. Haya, leta mabano yako.

Miaka ishirini na sita nimezunguka nguzo za watu, na kumbe nilikuwa nafanya aljebra bila kibali.

Fundi

21 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Niliichora nguzo yako ubaoni leo asubuhi. Nilipousogeza ule mstatili mwembamba nikasikia darasa zima likivuta pumzi. Nimeandika fomula ile mamia ya mara, nimewaadhibu watoto kwa kuisahau, na sikuwahi kuiona ikitokea mbele ya macho yangu mpaka uliponionyesha wewe. Naona haya kidogo na nina fahari sana. Walimu wenzangu wameniuliza nimeitoa kitabu gani. Nimesema kwa shangazi yangu. Nakupenda, na nakustahi kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kunifundisha, na sisemi hivi kukufurahisha.

Lakini umejisahau mahali. Umeandika ulikuwa umekaa juu ya ndoo unawatazama wenzako. Nimekua nikikutazama kazini. Chakula unakula umepiga magoti, simu unapokea umepiga magoti, mteja akija unamsalimu ukiwa chini. Wewe kukaa? Wengine wapige uzi na wewe ukae? Sitaki habari ya vumbi. Niambie ukweli.

Mwanao

9 Agosti

Mwanangu,

Nimeandika barua hii mara tatu, mbili nimezichana. Haya, nipasue jipu.

Magoti yamekwisha. Yote mawili. Mwezi wa Aprili nilipiga magoti kuweka safu ya mwisho ya bafu la watu, nikashindwa kuinuka. Ndefu na mwenye nyumba walinibeba kwa mikono kama gunia, mimi huku nawaambia wasikanyage vigae, saruji bado mbichi. Nililazwa wiki mbili, kwenu nikasema nimepata kazi ya mbali, ndiyo ile shughuli iliyopita. Daktari amesema nikiendelea kupiga magoti, hata kutembea kutakuja kuwa shida. Fimbo si ya kupimia, naiegemea tangu Machi magoti yalipoanza kuuma. Baba yako aliona vizuri, na nimemsingizia macho, Mungu anisamehe.

Wenzangu wananibeba. Nakaa kwenye ndoo, naelekeza, wao wanafanya, na kila mtu anajifanya ndivyo mambo yalivyokuwa siku zote. Haiwezi kuendelea. Hakuna fundi wa vigae asiyepiga magoti. Sijui kazi nyingine, na sitaki kukaa barazani kwa wifi yangu nikihesabiwa vijiko. Chuo ndicho mlango pekee nilio nao, na mlango wenyewe umefungwa kwa hizi hesabu.

Sikukwambia kwa sababu nilitaka unifundishe kama unavyofundisha wengine. Mtu akihurumiwa husahihishwa kwa upole, na mimi sikutaka upole. Sasa umejua. Ninaogopa, mwanangu. Mchana najikaza, lakini ninaogopa. Nikifeli sina pa kwenda.

Usimwambie baba yako. Ama mwambie, nimechoka kumficha.

Fundi

27 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Nililia, kisha nikanawa uso, kisha nikakaa mezani. Upole hutaupata kwangu. Nimekuandikia maswali arobaini, yamo kwenye bahasha ya pili, na kila utakapokosea nitaweka mkasi wa wino mwekundu unaoonekana toka barabarani.

Mambo mawili ya kushika. La kwanza, ndani ya mtihani hakuna makatoni. Chora vigae pembeni kwa penseli, vidogo tu, havitakupotezea muda. La pili, ukishapata mabano yako, yazidishe urudi ulikotoka. Ukifika ulikoanzia, jibu ni lako, hakuna msahihishaji duniani atakayekunyang'anya. Wewe hukabidhi sakafu bila kuipitisha pimamaji. Fanya hivyo hivyo.

Nimemwambia Baba. Akauliza kituo cha mtihani kiko wapi, ili siku hiyo akupeleke kwa baiskeli. Nikamwuliza ipi, akasema atazifungua zote mbili atengeneze moja.

Huogopi peke yako. Mimi naogopa na wewe, na wala sioni aibu kusema.

Mwanao

15 Novemba

Mwanangu,

Imekwisha. Jana. Nimelala siku nzima leo, mama yako ameniletea uji mwenyewe kitandani bila kunisema hata neno moja, nikaona mambo ni mazito.

Baba yako alinipeleka kwa baiskeli kweli. Mlangoni msimamizi akaniambia wazazi wasubiri nje. Nikamwonyesha namba yangu. Akaitazama namba, akanitazama mimi, akatazama fimbo, akanivutia kiti mwenyewe. Sakafu ya ukumbi ule imewekwa na mtu asiyejua uzi ni nini, safu ya tatu inakwenda upande kama mlevi, nikajilazimisha kutazama dari.

Maswali ya mwanzo yalikuwa ya kawaida. La nguzo lilikuwepo, x² − 49, nikalisalimu kwa jina. Kisha likaja la alama nyingi kuliko yote: tafuta vigawo vya 2x² + 7x + 3. Nikaganda. Hukunifundisha yenye 2 mbele, na usijilaumu, maswali arobaini yalikuwa tayari mengi. Namba mbili za kuzidisha nipate 3 na kujumlisha nipate 7? Hakuna. Nilitaka kuandika haigawanyiki. Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi. Nililiacha, nikafanya mengine yote, nikalirudia zimebaki dakika kumi na tano, jasho linanitoka mpaka kwenye fimbo.

Nikajiambia, wewe mwanamke, sahau namba, umeletewa nini? Vikubwa viwili. Virefu saba. Vidogo vitatu. Basi anza na vikubwa, si ndivyo unavyoanza siku zote? Nikavichora viwili ubavu kwa ubavu. Kirefu kimoja nikakisimamisha mwishoni kulia. Chini ya kila kikubwa nikalaza virefu vitatu, jumla sita, na kile kilichosimama ni saba. Ikabaki kona nyembamba, upana moja, kimo tatu. Vidogo vitatu. Upande wa juu: 2x na 1. Upande wa kushoto: x na 3. Nikazidisha kurudi nilikotoka. Ikafika ilikoanzia.

Sijui mengine nimefanyaje. Lile moja najua.

Fundi

18 Januari

Shangazi,

Umefaulu. Naliandika kwanza ili usihangaike na mistari ya chini. Umefaulu! Orodha imebandikwa leo kwenye ofisi yetu ya elimu, nimeitafuta namba yako kwa kidole, nikaipata, nikaitafuta tena toka mwanzo kwa sababu sikukiamini kidole. Umepata C, na kwa mtu aliyeanza Februari bila x, hiyo C ina uzito kuliko A zote nilizowahi kuziona.

Nilipiga kelele ndani ya ofisi ya watu. Karani akaniuliza kama ni mwanangu aliyefaulu. Nikasema ndiyo, kisha nikasema hapana, kisha nikashindwa kueleza.

Hesabu za aina ile, zenye 2 mbele, huwaangusha nusu ya wanafunzi wangu, na mimi huwafundisha wiki nzima. Wewe hukufundishwa na mtu. Nimezeeka katika kazi hii nikidhani kazi yangu ni kuwapa watu njia. Wewe umenionyesha kwamba mtu akijua anachokijenga, njia ataitafuta mwenyewe. Nenda chuoni kabla Januari haijaisha. Usingoje cheti, nenda na barua hii.

Mwanao

9 Februari

Mwalimu wangu,

Ndiyo, umesoma vizuri. Mwanangu utabaki kuwa, lakini leo nakuandikia mwalimu.

Mkuu wa chuo alisoma barua yako, akacheka, akanipa ufunguo wa karakana. Cheti kilifuata baadaye. Nina wanafunzi kumi na wanane, watu wazima wote, wanawake saba. Wamejaa maswali na mikono yao bado laini. Siku ya kwanza niliwachorea kigae cha x ubaoni, mmoja akasema amekuja kujifunza vigae, si hesabu. Nikamwambia akae, atajua mwenyewe.

Siku ya pili nikawapa sakafu ya mazoezi. Nikawaeleza namna ya kupata kona, namna ya kuvuta uzi, wapi pa kuanzia. Kisha nikasema, "Haya, anzeni." Wote kumi na wanane wakapiga magoti kwa pamoja. Nikabaki mimi nimesimama.

Mwanangu, nilishika meza. Miaka ishirini na sita nimeitazama kazi yangu pua ikiwa karibu kugusa saruji, nikijua kigae kimoja, na kinachofuata, na kinachofuata. Nikimaliza, nilikuwa nakusanya vyombo na kuondoka kwa sababu mteja anataka kuingia. Sikuwahi kusimama nikaiona sakafu ikizaliwa yote kwa pamoja, toka ukuta huu mpaka ule, safu zinakwenda, zinakutana, mikono ya watu kumi na wanane inaifuata. Machozi yalinitoka mbele ya darasa, na sikuyafuta. Yule aliyekataa hesabu aliinua kichwa akauliza, "Mwalimu, tumekosea?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia waendelee, na kwamba ni nzuri sana kutoka hapa juu.

Shangazi yako